Fundo

Saa kumi za alfajiri, Langoni,
Bi Somoe afunua karai.
Unga umepanda hadi ukingoni,
una vitundu kama jiwe la matumbawe.
"Nani kapumua humu?"
Shee, mwenye mtihani leo,
ajibu bila kuinua kichwa:
"Hamira, bibi. Seli. Zimekula sukari."

Kisha amchorea nyuma ya risiti ya duka:
jua lilipiga jani la muwa,
jani likavuta hewa tunayoitupa,
likaita maji toka mizizini,
likalifunga jua ndani ya utamu,
vile wewe ufungavyo hela pindoni mwa leso.
Hamira yafungua fundo.
Imebanwa, haina hewa, yafungua nusu tu.
Sisi twafungua lote,
na punda wa Athmani, anayehema ukutani.

"Na mlimau wetu? Giza hili, umelala?"

Kalamu yasita.
Hapa ndipo alipopoteza alama mbili mwaka jana:
aliandika kwamba usiku majani hayapumui.
"Yapumua, bibi. Usiku kucha.
Yala akiba yao wenyewe."

"Kama mimi mwezi wa Ramadhani,"
asema bibi, asukuma kuni tanurini.
Kuni za mkoko: miaka ishirini ya jua
yatoka kwa saa moja,
yamtia jasho, yamtia kikohozi,
yaiva mkate.

Wa kwanza ampa mjukuu, wafuka bado.
"Ukifika pale pa alama mbili," amwambia,
"tafuna kwanza."