Lumbesa

Vijana wote pale kwa Gwakisa, Uyole, nyuma ya duka la mbolea,
wanataka zile ndege nyembamba
zinazogeuka kama mbayuwayu na kufa mapema.
Mimi nachukua ya mabomu.
Injini nne, tumbo kubwa, haina haraka na mtu.
Wananicheka: "Ambindwile, hata mchezoni unapakia!"
Napakia.
Miaka kumi na moja nimetoa viazi Isyonje,
najua chombo kilichoshiba kinavyohema.

Dakika arobaini za kupanda.
Hakuna anayesimulia dakika hizo.
Unatazama mshale wa joto, unapunguza, unaongeza kidogo,
kama mlima wa Kawetere usiku wa ukungu,
gia ya pili, utingo akitembea kando na gogo begani
tayari kulitupa nyuma ya tairi.
Mvua ya Machi inalipiga bati la Gwakisa.
Jiko la mkaa liko chini ya meza:
goti moja linaungua, jingine limeganda.

Mdogo wangu Tulinagwe yuko kompyuta ya pembeni.
Amekaa mkiani, bunduki mbili, tumepeana migongo.
Yeye haoni tuendako.
Anaona tulikotoka, na kinachotufuata.
"Kaka, wawili. Juu, upande wa jua."
Siwaoni. Namwamini.
Kazi yangu ni kunyoosha.
Ukikwepa sasa, mzigo utaangukia migomba ya watu.
Basi risasi zinatoboa bawa,
mafuta yanavuja nyuma yetu meupe kama maziwa,
nawe umenyooka kama dereva anayepita mizani
na magunia yaliyozidi,
macho mbele, akisalimia.

Halafu kile kidirisha cha chini.
Mji mdogo, sijui wa nchi gani.
Aliyechora mchezo kachora reli, kachora kiwanda,
kachora mabati, mengine ya kutu,
na moshi unaotoka jikoni mwa nani sijui.
Hakuchora watu.
Siku isiyo na vita niliwahi kupita pale chini kwa chini,
nikitafuta japo mbuzi.
Kuna baiskeli moja imeegemezwa ukutani.
Nani kaiegemeza?

Nikabonyeza.

Ndege ikaruka juu.
Hilo sikuambiwa na mtu, ila nililijua:
ukishusha gunia la mwisho Mwanjelwa
springi zinapumua, bodi linainuka shibiri nzima,
lori linataka kucheza kama ndama.
Mwili wangu ulifurahi kabla yangu.
Nikabaki nimeishika furaha ile,
sijui pa kuiweka.

Chini, vitone vya vumbi. Sauti haifiki huko juu.
Maandishi ya njano: kiwanda, asilimia sitini na mbili, hongera.
Habari ya baiskeli hawakuandika.

Tunarudi, injini mbili zimezima.
Tulinagwe kaishiwa risasi.
Angeweza kutoka, mchezo unaruhusu, akanywe chai.
Amebaki mkiani, ananihesabia anga tupu:
"Hakuna anayekuja, kaka.
Hakuna.
Bado hakuna."

Uwanja ulishaonekana, kamstari ka kijivu,
mita ya Luku ikaanza kulia.
Gwakisa akapapasa mifuko, akapapasa droo,
akamwita mkewe.
Ukakatika.

Giza. Mvua ikarudi masikioni.
Hatujatua, hatujaanguka.
Mkono wangu bado unavuta usukani ambao haupo,
taratibu, usije ukagonga mkia,
kule mkiani kuna mtu.

"Kaka."
"Naam."
"Walio mtandaoni sasa hivi wanatuona vipi?"
"Nadhani wanaona ndege inakwenda yenyewe."
"Mpaka lini?"
"Mpaka mafuta yaishe."

Akavuta jiko kwa mguu, akapuliza majivu.
Nikamwambia asogee,
na mimi nina baridi,
na saa kumi alfajiri nina mzigo Isyonje.