Elfu Nane na Kitu

Usidhani pikapu ya kubeba saruji.
Hii hulala kiganjani kama kipande cha sabuni:
sumaku sita, waya wa shaba mwembamba kuliko unywele,
na kazi yake ni kuzisikiliza nyuzi
kisha kwenda kuyasema yote kwa amplifaya.
Ya shingoni husema kwa upole.
Ya darajani, pale nyuzi zinapokazana,
haina adabu hiyo.

Raimo Luhtala alishuka Kauhajoki na basi la saa nne,
theluji mabegani, gitaa mgongoni.
Gitaa jipya lililovishwa uzee kiwandani:
mikwaruzo ya kununua, kutu ya kupaka,
rangi imechubuliwa mahali ambapo mkono wa mtu
ungehitaji miaka thelathini.
"Sura wameipatia," akasema.
"Sauti ni ndimu kwenye kidonda."

Nikamuuliza anataka sauti gani.
Wengine hunitajia namba.
Yeye aliukazia macho mvuke wa kahawa.
"Ya kaka yangu Antero. Ukumbi wa dansi, Jumamosi,
mwaka sitini na nne. Mimi nilikuwa mbeba amplifaya.
Ilikata, lakini haikuchinja."

Nikaandika hivyohivyo daftarini: ikate, isichinje.

Cherehani ya mama haishoni tena.
Niliing'oa sindano, nikaifundisha kuzungusha bobini,
mguu kwenye pedeli, vidole viwili vikiongoza shaba,
na mita ndogo ikihesabu, tiki, tiki, tiki.
Ukikaza mno, waya unakatika na siku imekwenda.
Ukilegeza, pikapu itapiga mayowe yenyewe jukwaani.

Ya kwanza, elfu tisa: nzito,
kama mtu anayesema na blanketi mdomoni.
Ya pili, elfu saba na mia nane, sumaku pole zaidi;
nikaichovya kwenye nta, nikailehemu.
Nzuri. Ningemuuzia yeyote kutoka hapa hadi Oulu.
Raimo aliipiga dakika tano, akashukuru,
akatikisa kichwa kama anayekataa sukari.

Ya tatu niliizungusha usiku, nina hasira.
Katikati binti yangu akapiga simu kutoka Turku
kuhusu nyumba, kuhusu deni, kuhusu baba yake,
na mguu ukaendelea peke yake,
na mita ikagoma, sijui saa ngapi,
na shaba ikajipanga itakavyo, huku mlima, huku bonde.
Nilitaka kuitupa.
Waya ni ghali. Nikaifunga.

Jumanne akaichomeka.
Hakupiga wimbo mzima. Noti saba tu,
na kwenye ya tano akateleza.
Akarudia. Akateleza palepale.
Nikasema labda daraja halijakaa sawa,
nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Liache," akasema. "Hapo ndipo alipokuwa akikosea."

Kisha akaomba nizime hita,
maana ukumbi ule haukuwa na joto,
nasi tukakaa na makoti yetu, mvuke midomoni,
yeye akikosea kwa uangalifu mkubwa
hadi basi la jioni.

Ile ya kiwandani aliiacha mezani. Imo kwenye kopo la biskuti.

Wawili wameshanijia tangu hapo:
tuzungushie kama ya Luhtala.
Nafungua daftari. Mahali pa namba
nimeandika elfu nane na kitu,
na chini yake, kwa penseli: muulize binti yangu.