Ekari Sita

Februari, Missouri, ardhi imepasuka kwa baridi
kama visigino.
Verlene Haskamp akanikabidhi ndoo:
mbegu nyembamba, zinateleza vidoleni.
“Usizifukie. Ardhi itazimeza yenyewe.”
Nyasi za huku huku, akasema,
zilizokuwepo kabla ya plau ya babu yake.

Mimi niliyelelewa na jembe,
niliyechapwa kwa kuacha unyasi mmoja katikati ya mahindi,
nikazunguka ekari sita nikipanda nyasi.

Mwaka wa kwanza, magugu.
Jirani alisimamisha lori, akachungulia,
akacheka hadi akakohoa.
Tulifyeka mara mbili. Nikatambaa kwa magoti
kutafuta jani lenye kishungi cha nywele shingoni.
Nikapata kumi na moja.
“Yako chini, yanajenga mizizi,” alisema Verlene.
Deni la mbegu nalo lilikuwa na mizizi.

Mwaka wa pili, vishungi hapa na pale,
ndevu za kijana.

Leo theluji imelaza kila kitu,
mabua ya soya, hata ua wa jirani.
Nyasi zetu zimesimama, kifuani kwangu,
zinanong'onezana kwa ukavu wao.
Nikaingia hatua tatu,
ardhi ikalipuka:
tombo kumi na wawili, kila mmoja na njia yake,
na moyo wangu kooni.

Pale walipolala, mikia ndani, vichwa nje,
pamebaki duara lisilo na theluji,
upana wa sinia.
Nikavua glavu, nikaweka kiganja.

Pana joto bado.