Darasa la Ukoko

Ijumaa tulifunga shule.
Nilisugua sufuria kubwa kwa mchanga na majivu,
nikaifunika kifudifudi juu ya mafiga,
mwiko nikauegemeza ukutani kama jembe la marehemu.
Walimu wakapanda pikipiki kwenda kituoni Kigwe,
upepo wa Desemba ukabaki peke yake uwanjani
ukizoa vumbi, ukilimwaga, ukilizoa tena.

Jumatatu nilirudi kufuata khanga niliyosahau.
Masinjisa alikuwa amekaa kizingitini pa darasa la tatu,
sare imefungwa vifungo vyote,
kikombe cha bati kinaning'inia kidoleni.
"Shule imefungwa," nikamwambia.
"Najua, mama. Nimekuja kumwagilia miti."
Mti wenyewe ulikuwa mmoja, mwarobaini,
na ndoo hakuwa nayo.

Sikucheka. Mwezi huu naujua kwa harufu.
Kihenge ukikigonga kinaitikia.
Mbegu ya uwele imefungwa kitambaani, imetundikwa juu ya tembe,
na atakayeigusa atakula mwaka mzima kwa siku moja.
Mlenda upo, mkavu, kibuyuni,
lakini mlenda bila ugali unateleza tu,
hauna pa kushika.

Jumanne walikuwa saba.
Jumatano niliacha kuhesabu watu, nikahesabu vyombo:
kimoja kilikuwa kopo la rangi,
kimoja kifuniko cha chupa ya chai.

Stoo ilikuwa na madebe matatu na nusu ya mahindi.
Ufunguo alikuwa nao Ndahani, mwenyekiti wa kamati,
mtu mwema, mwenye daftari.
"Haya yaliandikiwa siku za masomo. Nikiulizwa?"
Andika panya wamekula, nikamwambia.
"Panya wangapi?"
Arobaini na wawili. Wenye sare.
Alinyamaza mpaka treni ya mizigo ikamaliza kupita,
behewa kwa behewa,
kisha akaandika. Aliandika ukweli,
jina lake, na chini yake langu,
ili tukifukuzwa tufukuzwe wawili.

Madebe matatu hayavuki mwezi.
Yudita wa gengeni alileta chumvi, akasema ni deni;
hakusema la nani.
Mwenye bucha alitoa mifupa siku ya mnada.
Na mama Nyemo,
tuliyenuniana tangu mwaka wa mafuriko kwa ajili ya mpaka wa shamba,
alimimina kibaba cha karanga kwenye sufuria yangu
bila kunisalimia.
Nami sikumsalimia.
Karanga na mahindi vikasalimiana kwa niaba yetu.

Ilikuwepo pia siku ya uji mwepesi,
mwepesi hata mtoto akiinamia kikombe
anaona paji lake la uso.
Hiyo nayo naisema.

Kisha Masinjisa akaja amemshika mkono mdogo wake,
miaka minne hivi, kaushi imemfika magotini.
Sheria tuliiweka wenyewe: wanafunzi tu, wa shule hii.
Ndahani akainua kalamu.
"Wewe uko darasa la ngapi?"
Mtoto akamtazama kaka yake,
akaitazama sufuria. Nilikuwa nakwangua chini,
kule kulikoshika moto.
Akajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma:
"Darasa la ukoko."

Mwenyekiti aliinamia daftari
muda mrefu kuliko jina linavyohitaji.

Shule imefunguliwa sasa. Mwiko umerudi mkononi.
Lile daftari lipo kabatini, yeyote na alifungue:
baada ya darasa la saba kuna safu moja
iliyopigwa rula, yenye jina moja tu, Sechelela,
na mbele yake vema kumi na tisa.

Siku ya ishirini ameandikiwa hayupo.
Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha.
Walikwenda kupanda uwele.