Kuvuka

Hanoi ilinipokea saa kumi na moja alfajiri,
mgongoni begi la kilo kumi na nne,
mkononi karatasi yenye jina la mtaa
nisiloweza kulitamka bila kuomba radhi.
Lugha yao ina ngazi: neno likitulia ni mzimu,
likipanda ni mama, likiyumba ni kaburi.
Nikanyamaza. Nikaonyesha kwa kidole.

Kisha barabara.
Taa zipo, ila hakuna anayeziamini.
Pikipiki zinamwagika kama mchele wa gunia lililotoboka:
moja imebeba friji, moja mti wa ndimu na matunda yake,
moja baba, mama, watoto wawili
na samaki mwekundu ndani ya mfuko wa maji.
Honi, honi. Si za hasira, nilikuja kuelewa;
ni hodi tu, ni nipo nyuma yako.
Nilisimama ukingoni robo saa
kama mdeni aliyefika mlangoni kwa anayemdai.

Bi Thoa, muuza supu,
mwenye vigoda vya plastiki vinavyokutanisha magoti na kidevu,
aliacha upawa, akanishika kiwiko,
akaingia nami katikati ya mafuriko yale ya chuma.
Hakukimbia. Hakusimama. Hakuwatazama.
Zikatugawanyikia kushoto na kulia,
na tulipofika ng'ambo akacheka, akanigeuza,
akanivusha tena kurudi
kwa sababu supu yangu ilikuwa inapoa.

Daftarini niliandika: Kelele.
Nyaya za umeme kama nywele za aliyelala vibaya.
Kahawa yenye yai, tamu hadi aibu.
Mji huu haujui kukaa kitako.

Siku nne. Halafu basi, usiku na mchana mzima,
magunia ya vitunguu saumu yamelala ujiani pamoja nasi,
na mpakani ukungu, mihuri, foleni,
na mbwa mmoja asiye na pasipoti
akivuka, akirudi, akivuka.

Vientiane ilinipokeaje?
Nadhani haikuniona.
Mji mkuu mzima umevua viatu.
Mwenye duka amelala nyuma ya mizani,
feni inamfunulia gazeti ukurasa baada ya ukurasa.
Nilikohoa. Nikakohoa tena.
Nikaacha noti chini ya kopo la maziwa, nikachukua maji yangu;
chenji nilipewa kesho yake kabla sijaiuliza.
Hata Mekong ulikuwa umejisogeza mbali na watu,
umeacha mchanga, na ng'ambo ya mchanga nchi nyingine
ambayo hakuna aliyeonekana kuitamani.

Daftarini: Kimya.
Wali wa kunata, unaliwa kwa vidole. Nyumbani kidogo.
Paka wa mkia uliopinda.
Sina la kuongeza.

Kisha barabara.
Pikipiki moja, mbali.
Miguu yangu ikagoma ukingoni, ikingoja mafuriko.
Somphet, kijana wa nyumba ya wageni (jina nilijua baadaye),
akasimama anipishe nivuke.
Nami nikasimama nimpishe apite.
Tukangojana.
Kuku akavuka.
Mwishowe nikaingia kwa mwendo wa Bi Thoa,
bila kukimbia, bila kusimama, bila kutazama,
kiwiko kimetokeza kidogo, kikingoja mkono,
na barabara tupu ikanigawanyikia
kushoto na kulia.

Usiku nilifungua daftari nikafuta Kelele.
Sikupata neno la kuweka mahali pake.
Pengo lipo hadi leo, pembeni doa la supu.

Hilo la pili nalo sina hakika nalo:
chumba cha jirani, hadi usiku wa manane,
mtu alikuwa akijifunza tarumbeta,
mdomo wake ameuziba kwa soksi.