Mchwa Wamenitangulia

Nimefungua sanduku la bati Jumapili baada ya ibada,
upepo wa Mpwapwa ukigonga mlango kama mdai,
nikakuta mchwa wamenitangulia.
Wamekula bila ubaguzi: hesabu, jiografia, barua za chama.
Kamusi wameifikisha herufi K.
Siwalaumu. Mimi mwenyewe sijawahi kuvuka M.

Hiki ndicho kitabu cha kwanza nilichokiita changu,
ingawa kina mhuri wa maktaba ya chuo.
Sechelela alinipa kikiwa kimenyofoka kurasa kumi za mwisho,
akasema, "Usilie, nitakusimulia."
Tukakaa kwenye ngazi za bweni tukimenya karanga:
mjane hakuolewa tena,
alinunua punda akarudi kwao,
na yule karani mwongo akabaki stesheni
akihesabu mabehewa yasiyo yake.
Nilicheka mpaka matroni akatuzimia taa.

Miaka ishirini na sita baadaye, Dodoma mjini,
kwenye meza ya vitabu vya mitumba karibu na reli,
nikakikuta kizima. Elfu tatu.
Nikausoma mwisho nimesimama, jua la saa saba kisogoni.
Mjane anaolewa.
Na karani!
Hakuna punda hata mmoja.
Nikakirudisha mezani,
zile pesa nikanunulia zabibu,
nikazila zote bila kuziosha, kwa hasira.

Magazeti yamepona machache.
Hili lilikuwa na hadithi ya upelelezi, likija kwa treni kila mwezi,
hadi masika ya mwaka ule yalipozoa reli kule Gulwe.
Toleo lililofuata halikufika.
Chini ya ukurasa pameandikwa *Itaendelea*,
na muuaji bado kasimama nyuma ya pazia;
maskini, miguu lazima imemfa ganzi.

Ukurasa wa nyuma, marafiki wa kalamu, nimo:
umri kumi na saba, napenda kusoma, muziki,
na kubadilishana picha.
Waliniandikia wanne.
Wa Mbinga anaandika mpaka leo, hatujaonana.
Tumezeeshana kwa wino.
Mkono wake umeanza kutetemeka kwenye herufi ndefu.

Kaseti ni ya Chilongani.
Aliirekodi redioni, dirisha wazi kwa ajili ya joto,
na katika wimbo wa tatu, gitaa linapoanza kupanda,
mama yake anaingia kwa Kigogo, sauti ya kupasua anga:
mbuzi wamo kwenye mtama!
Tulimcheka mwaka mzima.
Alitaka kuifuta arekodi upya,
nikamdanganya imepotea.

Mwaka juzi, wiki moja baada ya msiba,
alikuja kwa pikipiki kutoka Kibakwe, vumbi hadi kwenye nyusi,
hakuuliza hata habari za watoto.
"Ile kaseti unayo?"
Kama vile siku zote alijua.
Tukaikaza kwa penseli, tukatafuta betri duka kwa duka.
Gitaa likapanda. Mama akaita.
Akarudisha nyuma.
Mama akaita.
Tulikaa hapo hata sijui saa ngapi,
mpaka betri zikachoka, sauti ikawa nzito,
mama akaita kama mwanajeshi mwenye mafua,
ndipo tukaweza kucheka.

Jioni nimepaka sanduku mafuta ya taa,
nimeliinua juu ya matofali manne,
kisha nimempigia Sechelela.
Siku hizi hasikii vizuri, na mengine yamemtoka.
"Punda gani?" akasema.
Kitabu hakikumbuki, wala ngazi, wala karanga.
Ikabidi nianze mimi, toka mjane alipofiwa,
nikipiga kelele kwenye simu hadi majirani wakachungulia.
Nilipofika mwisho akanyamaza,
nikadhani laini imekatika.
"Huyo punda," akauliza, "wa rangi gani?"
Hakuwahi kuniambia. Nikabahatisha: kijivu.
"Sawa, kijivu," akasema upesi,
"lakini ana doa jeupe puani."