Matokeo

Nilizima simu saa tano usiku, bahasha haijafunguliwa,
nikamwambia Ochuka wa getini: usiniambie kitu,
hata kama mvua inakuja, usiniambie.
Akacheka, akajifunga mdomo kwa vidole viwili, kama zipu.

Asubuhi nikatoka maabara kwa njia ya nyuma,
ile ya mtaro na mabati, nimkwepe kinyozi mwenye redio,
niyakwepe magazeti yaliyotandazwa chini pale Mutindwa,
mawe juu yake yasipeperuke.
Nilipita nikitazama viatu vya watu.
Wiki kumi na mbili nimeshona na Nanjala,
kila Jumapili, yeye na cherehani, mimi na rimoti;
fainali sikutaka kulishwa kwa kijiko cha mtu.
Mokaya alikuwa amenirekodia.
Zilibaki ngazi tu, na mkate.

Dukani kwa Muhonja palikuwa na mtoto,
sare ya shule, soksi moja juu moja chini,
pengo mbele, anahesabu sarafu za maziwa.
Akaniinulia macho ya mtu aliyebeba zawadi:
"Anti, Nanjala ameshindwa! Alilia hadi wanja ukashuka!"
Muhonja akasema, mkate ni sabini.
Nikatoa sabini.
Ningemwambia nini? Na pengo lile.

Basi nikatazama. Chai, miguu juu ya kigoda.
Nanjala akaingia na pini mdomoni,
akitabasamu katikati ya pini kana kwamba si chochote,
akapiga kola pasi, akaupuliza mvuke,
na kule viti vya mbele mamake, kitambaa kipya kichwani,
bado kina mikunjo ya dukani,
anapiga makofi kabla ya watu wote.

Nilijua. Hii ndiyo kazi yangu,
usiku kucha najua:
kabla ya daktari, kabla ya mume anayezunguka na chupa ya chai,
kabla ya mwenyewe pale benchini, mkoba magotini,
anakunja risiti, anaikunjua.
Naandika neno moja, nakunja karatasi mara tatu.
Jana mmoja alipenyeza uso dirishani: "Sista, ni mazuri?"
Nikamwambia, daktari atakuita.
Sina hata pengo la kuniombea msamaha.

Jaji akaishika bahasha.
Nanjala akaushika mkono wa mshindani wake,
akavuta pumzi, mabega yakapanda.
Nikabonyeza rimoti.

Nikaenda kuosha kikombe.
Nikaosha na sufuria isiyokuwa chafu.
Kila nikichungulia sebuleni yupo palepale,
mabega juu, wanja mzima,
hajashindwa.